Maswali Yenu: Roketi kwenye kipindi cha Kiswahili

SWALI: Salaam mwalimu. Mimi nafundisha gredi ya 5 huku Likoni, na nataka mada yetu ya Kiswahili iwe anga za juu, kusoma, insha, mashairi, kila kitu. Mwalimu mkuu anasema hiyo ni sayansi, nawapotezea watoto wakati. Lakini insha zao zimenichosha, darasa zima wanaanza na "jua lilichomoza mashariki, ndege waliimba nyimbo tamu". Je, itasaidia ama ntazidi kuwachanganya?

JIBU: Fanya mwalimu, tena usingoje. Hiyo shida ya insha kufanana ndio sababu yenyewe ya kuwapeleka watoto angani, manake huko ile mianzo ya kukariri haifanyi kazi kabisa. Mwambie mtoto aandike asubuhi ya mwanaanga aliye kwenye kituo cha kimataifa cha anga za juu, kile kinaizunguka dunia kwa kama dakika 90 hivi, yaani kwa siku moja wale watu wanaona jua likichomoza mara 16. Haya, "jua lilichomoza mashariki" ataiweka wapi? Mpeleke Zuhura, huko jua linachomoza magharibi kwa sababu ile sayari inajizungusha kinyume na yetu. Mpeleke Mirihi, jua likizama mbingu iliyo karibu nalo inakuwa na rangi ya bluu. Na ndege wa kuimba hakuna popote. Mtoto anabaki na kazi moja tu, kufikiria anaona nini pale na kukisema kwa maneno yake mwenyewe, na hiyo ndio insha. Ila wape ukweli kwanza ndio waandike, usiwaambie tu "andikeni kuhusu anga" ukawaacha hivo, watakuletea mazimwi ya kwenye katuni, yote yanafanana pia.

Nikupe kipindi kimoja ambacho nakipenda sana. Watoto wetu wanazipenda tanakali za sauti, si ndio? Waulize, mwanaanga akiangusha nyundo mwezini itasikika vipi? Wataruka na puu, na tuu, na ka ka ka, waache wamalize. Alafu waambie mwezini hakuna hewa, na bila hewa sauti haina pa kupita, kwa hivo ni kimya jii. Hapo watabishana mpaka basi, we waache wabishane, kwa Kiswahili, huku unasikiliza nani anajua kutoa hoja na nani anapiga kelele tu. Na nyundo yenyewe iliangushwa kweli, mwaka 1971 mwanaanga wa Marekani David Scott, wa safari ya Apollo 15, alisimama mwezini akaachia nyundo na unyoya kwa mpigo, vikafika chini pamoja, kwa sababu hakuna hewa ya kuuzuia unyoya. Ona hapo hapo umepata na sarufi, nyundo iko ngeli ya I-ZI, unyoya U-ZI, lakini vikianguka pamoja tunasema vi-. Mtoto akishabishania ile nyundo nusu saa hiyo vi- haisahau.

Kuhusu mwalimu mkuu, usibishane naye ofisini. Fanya wiki mbili tatu alafu mpelekee madaftari, ya kabla na ya baada, asome mwenyewe.

SWALI: Mwalimu, sisi huku Kongowea shule yetu haina projekta wala intaneti, na watoto washaamua mambo ya roketi ni ya Marekani. Tutaanzia wapi?

JIBU: Anzieni Malindi dada yangu, si mbali! Pale Ngomeni baharini kuna jukwaa la Waitaliano linaitwa San Marco, na tarehe 12 Desemba 1970 roketi iliruka kutoka pale ikiwa imebeba setilaiti ya Marekani, ya kwanza duniani kutengenezwa mahsusi kuchunguza eksirei zinazotoka kwenye nyota. Ikapewa jina Uhuru kwa sababu siku hiyo Kenya ilikuwa inasherehekea uhuru wake. Inaniuma kuona watoto wa Pwani wanamaliza shule hawajaisikia. Wagawe makundi, kila kundi liandike taarifa ya habari ya redio ya siku ile kisha walisomee darasa kwa sauti, mwingine ajifanye mvuvi wa Ngomeni anahojiwa aliona nini. Wenye hamu zaidi waandike na ya Taifa-1, setilaiti ya Kenya iliyorushwa Aprili 2023.

Homuweki nayo bure kabisa, mtoto amuulize babu ama mjomba anayejua bahari kwanini bamvua, yaani maji kujaa na kupwa sana, inakuja mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, alafu maji mafu, yale ya kujaa na kupwa kidogo, mwezi ukiwa nusu. Aandike alivyojibiwa, na kesho yake uwaeleze jinsi jua na mwezi zinavyokaa mstari mmoja zikavuta maji kwa pamoja, wao walinganishe majibu. Hakuna projekta hapo.

SWALI: Mjukuu wangu wa gredi ya 2 hasomi vizuri, lakini nyota anazipenda, kila usiku yuko barazani anaangalia juu. Mimi si mwalimu, nifanyeje?

JIBU: Shikamoo nyanya. Mtegee kitendawili: blanketi la babu lina chawa. Akishapata kuwa ni mbingu na nyota, mwambie na yeye atunge chake, cha mwezi, cha kimondo, chochote anachokiona pale barazani. Kiandike kwenye karatasi vile vile alivyokisema, usikirekebishe, alafu umpe akusomee. Maneno yake mwenyewe hatayaogopa, na karatasi zikiwa nyingi zishone pamoja, hicho ndio kitabu chake cha kusoma kila jioni.