Nimevutiwa na dada wa kwaya: je, nimeshazini?

*Shangazi, nimeoa na nimeokoka. Kuna dada ninayeimba naye kwaya, namwaza usiku na mchana. Nimefunga na kuomba, mawazo yako palepale. Kama Yesu alisema anayetamani ameshazini moyoni, napambana ya nini tena? Nafikiria kumweleza ili tuombeane.*

Mwanangu, usimweleze. Hilo ndilo la haraka. "Tuombeane" kati ya watu wanaovutiana huzaa siri ya wawili, siri huleta simu, na simu huleta kukutana. Ukitaka kuombewa, mwendee mchungaji au mzee wa kanisa, mwanamume mwenzako, na usimtaje dada huyo kwa jina.

Sasa swali lako. Mathayo 5:28 inamsema anayemtazama mwanamke *kwa kumtamani*, yaani kwa nia hiyo. Haimsemi kila aliyeona akavutiwa. Yakobo 1:14-15 anaonyesha mpangilio: tamaa huvuta, ikichukua mimba huzaa dhambi, na dhambi ikikomaa huzaa mauti. Kati ya kuvutwa na mimba ndipo ridhaa yako inapohitajika. Evagrius Ponticus, mtawa wa jangwa la Misri aliyefariki mwaka 399, alifundisha kwamba mawazo kutusumbua hakuko mikononi mwetu. Kuyaacha yakae au yasikae, huko ndiko kuliko mikononi mwetu.

Soma 2 Samweli 11 polepole. Akiwa juu ya dari, Mfalme Daudi alimwona mwanamke akioga, hakuwa amepanga. Kisha akatuma mtu aulize habari za mwanamke yule. Akajibiwa waziwazi kwamba ni mke wa Uria. Angeweza kuishia hapo, akatuma tena, safari hii aletwe. Kuona kulimjia tu. Kuuliza na kuleta vilihitaji amri yake.

Kwako wewe, kuuliza ni kufungua picha zake kwenye simu mkeo akiwa amelala. Ni kumwandikia "umefika salama?" wakati wengine hukuwauliza. Ukishaanza kufuta meseji, mwanangu, ridhaa umeshaitoa. Kama umefanya hayo, yaungame moja moja kwa majina yake, na ushike ahadi ya 1 Yohana 1:9, kwamba Mungu huwasamehe wanaoungama. Kama hujafanya, usijihukumu kwa kuvutiwa tu, maana hukumu hiyo ndiyo inayokurudisha kumwaza.

Maombi nayo yana mtego wake. Anayepiga magoti nusu saa akimtaja dada huyo amemwaza nusu saa nzima. Wazo likija, omba sentensi moja, kisha inuka ushike kazi au uzungumze na mkeo.

Na hiyo hoja ya "nimeshazini, napambana ya nini" ikatae kabisa. Dhambi ya moyoni ni dhambi kweli, lakini kitendo kinamwingiza dada huyo, kinamvunja mkeo, na watu wengine wanabaki kubeba mzigo wasiouanzisha.

Kwenye mazoezi, kaa mbali naye, ondoka pamoja na wenzako, na ya kwaya yazungumzwe kwenye kundi la kwaya, si faragha. Jipe miezi 2. Ukiona bado unaihesabia siku ya mazoezi kwa ajili yake, muage mwalimu wa kwaya na uondoke. Yusufu alimwachia mke wa Potifa vazi lake akakimbia, na wewe unaweza kuacha joho la kwaya.