Usilazimishe Inningi ya Tisa

Jumatatu usiku tulirudi nyumbani Minneapolis kutoka Kansas City, kilomita kama 700 ndani ya gari na watoto watatu. Nikiwa bado sijashusha mizigo nikafungua simu, nikakuta ujumbe wa msomaji mmoja aliyeko Louisville, Kentucky. Ana watoto wawili, wa miaka sita na mitatu, na anataka kuwapeleka Cincinnati wakaone besiboli. "Kaka, nimeona picha zenu. Sisi tulijaribu mara moja tukaishia kugombana kwenye maegesho mbele ya watoto. Ninyi mnawezaje?"

Nitakujibu, ndugu yangu. Ila lazima nianze na yale ambayo picha haziyaonyeshi.

Mimi ni mtoto wa Tanga. Nilikua na mpira wa miguu, na nilipofika Marekani besiboli niliiona ni watu waliosimama tu kwenye majani. Aliyenifungua macho ni mzee mmoja niliyekuwa nafanya naye kazi zamu ya usiku ghalani. Alikuwa na redio ndogo juu ya maboksi, na kwa kuwa mechi za huko magharibi, Seattle na Los Angeles, huanza kwetu kukiwa tayari ni saa tatu usiku, tulizisikiliza hadi karibu saa sita. Akanieleza taratibu: kuna inningi tisa, na katika kila inningi kila timu inapata zamu yake ya kupiga mpaka watu wake watatu watolewe. Kufika mwaka wa pili nilikuwa nahesabu makosa ya mpigaji kichwani huku napanga mizigo. Nikaweka nadhiri kwamba nitaviona viwanja vyote 30 vya ligi kuu, 29 vya Marekani na kimoja cha Toronto, mimi na familia yangu.

Nadhiri ilikuwa yangu. Wao sikuwauliza.

Safari ya kwanza ilikuwa Julai, miaka minne iliyopita. Uwanja sitautaja, kwa sababu kosa halikuwa lake. Mechi ilianza saa saba mchana, na mimi nilikuwa nimenunua viti vya bei rahisi, juani kabisa. Nuru alikuwa na miaka minne, Idrisa mwaka na nusu. Mlangoni begi letu likakataliwa kwa ukubwa, nikalirudisha garini mbio, dakika kumi na tano kwenda na kumi na tano kurudi, na ndani ya begi hilo ndimo zilimokuwa kofia za watoto. Inningi ya tatu Nuru akaniuliza, "Baba, wataanza saa ngapi?" Walikuwa wameanza karibu saa nzima iliyopita. Mama Nuru akasema tuondoke, mtoto mdogo uso umemwiva. Nikamwambia bado inningi sita tu. Nakumbuka nilivyolitamka lile "tu".

Inningi ya sita Idrisa akatapika na kulegea mikononi mwa mama yake. Tukamkimbiza chumba cha huduma ya kwanza. Mama mmoja muuguzi akamfuta kwa kitambaa cha barafu, akamnywesha maji kijiko kwa kijiko, kisha akaniangalia na kuniuliza kwa upole kwa nini hatukumtoa mapema. Sikuwa na jibu. Mtoto alipata nafuu siku ileile, alhamdulillah, lakini Mama Nuru hakusema neno njia nzima. Tulipokaribia nyumbani ndipo aliponiambia, "Hii ilikuwa likizo yako. Sisi ulitubeba tu."

Halafu habari zikasambaa, kama zinavyosambaa kwetu. Kwenye harusi moja ya watu wa nyumbani, ndugu yangu mmoja akasema mbele ya meza nzima kwamba ninawatesa watoto ili nionekane Mmarekani, na kwamba nauli ya kwenda kumwona bibi yao naimalizia viwanjani. Watu wakacheka. Nuru alikuwa amekaa pajani kwangu. Nimeshamsamehe aliyesema, lakini bado inaniuma.

Mwaka uliofuata sikupanga safari yoyote. Nuru ndiye aliyeianzisha. Aliona kwenye televisheni kule Milwaukee mtu mwenye masharubu makubwa ya njano akiteleza kwenye bembea ya kuserereka kila timu ya nyumbani ikipiga mpira ukavuka ukuta. Akasema anataka kumwona. Basi nikamwambia twende tukamwone yule, mechi ikiwepo iwepo. Uwanja wa Milwaukee, uliofunguliwa 2001, una paa linalofungwa na kufunguliwa, kwa hiyo jua na mvua sikuviogopa tena. Kabla ya timu ya nyumbani kupiga katika inningi ya sita, watu watano waliovaa mavazi ya soseji hushindana mbio kuzunguka uwanja. Idrisa alicheka mpaka akakaa chini. Mbio zilipoisha akasema "twende nyumbani", na tukaenda. Timu zilikuwa zinakabana, moyo ulinivuta nibaki, lakini nilimbeba begani tukatoka, na mama yake akanishika mkono mpaka kwenye gari.

Ushauri wangu wote unaanzia hapo. Mzazi, mtoto wa miaka mitatu hajui matokeo. Anajua kofia mpya, aiskrimu, ngoma, na kama baba ana hasira au hana. Mchague kitu kimoja cha kwenda kuona, na akichague yeye. Akishakiona, safari imetimia, hata kama mmekaa inningi mbili. Sisi tuna mchezo wetu: kila uwanja tunatafuta namba 42. Ndiyo namba ya Jackie Robinson, Mweusi aliyevunja ubaguzi wa ligi kuu tarehe 15 Aprili 1947, na tangu 1997 timu zote zimeiweka kando kwa heshima yake. Ipo mahali fulani katika kila uwanja. Nuru huitafuta tangu getini na anayeiona wa kwanza anachagua chakula.

Siku hizi mechi zimekuwa fupi. Tangu 2023 mrushaji wa mpira ana saa inayomhesabia, sekunde 15 kama hakuna mtu kwenye vituo wanavyokimbilia wapigaji, na mechi ya kawaida imeshuka kutoka saa tatu na kitu hadi kama saa mbili na dakika arobaini. Kwa mtoto bado ni ndefu, usidanganyike. Kaeni nyuma ya wavu wa kinga, maana mpira uliopigwa unaweza kupita kilomita 160 kwa saa na mtoto hawezi kuukwepa. Tafuteni kivuli. Someni kanuni za begi usiku wa kabla, zisomeni tena asubuhi. Viwanja vingi vinaruhusu chakula cha nyumbani; sisi hubeba maandazi na sambusa kwenye mfuko wa plastiki unaoonyesha ndani, na hatujawahi kulala njaa wala kufilisika. Ulizeni dawati la wageni cheti cha mechi ya kwanza ya mtoto, mara nyingi hutolewa bure. Mengine ni maji, pampasi na subira.

Kansas City ndiko nilikotaka kufika. Jumamosi tulikwenda kwanza mtaa wa 18 na Vine, kwenye jumba la makumbusho la ligi za Weusi. Ligi yao ya kwanza iliyodumu ilianzishwa mjini humo mwaka 1920, wakati ligi kuu ilikuwa imewafungia mlango. Robinson mwenyewe alichezea timu ya Weusi, Monarchs wa Kansas City, mwaka 1945. Ndani kuna uwanja mdogo wenye sanamu za shaba za wachezaji, kila mmoja amesimama kwenye nafasi yake, lakini mgeni anauona kupitia waya kama wa banda la kuku. Unauzunguka, unasoma historia, na mwisho kabisa ndipo unaporuhusiwa kuingia. Nuru, ambaye sasa ana miaka minane, alishika waya kwa vidole viwili akauliza, "Kwa nini tunasubiri nje?" Mama yake akachuchumaa akamweleza yote, kwa Kiswahili, pale pale. Mimi nilisimama nyuma yao na Zawadi, mtoto wetu wa tatu, mgongoni, na yale maneno ya harusini yakanijia, nikayaona madogo.

Ndugu zangu mnaosema tunapoteza pesa, sikilizeni. Watoto wetu watakulia katika nchi hii tupende tusipende. Nani atawasimulia hii nchi, sisi au barabara? Mzazi anayekaa nyumbani kila likizo na simu mkononi asishangae mtoto akiwa na miaka kumi na tano hana la kumwambia. Wapelekeni. Si lazima besiboli. Lakini msiende kama nilivyokwenda mimi mara ya kwanza, na msiwaburuze.

Jumapili, baada ya mechi, watoto waliruhusiwa kushuka uwanjani kukimbia vituo vyote vinne. Tulikuwa tumeondoka vitini inningi ya nne, tukalala kivulini, tukarudi mwishoni kwa ajili ya hilo tu. Idrisa alikimbia na kiatu kimoja. Nuru alipofika kituo cha mwisho alisimama juu yake na miguu yote miwili, hakuondoka mpaka mfanyakazi wa uwanja alipomwita kwa upole.

Yeye ndiye anayepanga safari sasa. Ameichagua Pittsburgh, kwa sababu nilimsimulia habari za Gift Ngoepe, kijana aliyekulia kwenye jengo la klabu ya besiboli huko Randburg, Afrika Kusini, ambako mama yake alikuwa akifanya kazi. Tarehe 26 Aprili 2017 aliingia uwanjani na jezi ya Pittsburgh, mzaliwa wa kwanza wa bara la Afrika kucheza ligi kuu.

Kaka wa Louisville, kwako Cincinnati ni saa moja na nusu tu, na uwanja uko kando ya mto Ohio, kwa hiyo mkichoka mna mahali pa kutembea na kigari cha mtoto. Mji huo ulikuwa na timu ya kwanza ya kulipwa waziwazi, mwaka 1869. Wa miaka sita mwambie hilo, wa miaka mitatu mnunulie kofia. Muulize mkeo yeye anataka kuona nini, kabla hujanunua tiketi. Kisha niandikie mlifika inningi ya ngapi.