Nina shilingi 40,000: nianze na spika, amplifaya au gramafoni?

Swali: Salaam, fundi. Marehemu baba aliniachia gramafoni ya mkanda wa mpira, amplifaya ya miaka ya 1980 yenye tundu la "Phono" kwa nyuma, spika mbili ndogo za rafu na katoni mbili za santuri, nyingi zikiwa rumba na benga. Naishi Buruburu, na mitambo yote imekaa kwenye kabati la sebuleni. Wimbo wa kwanza wa kila upande huwa mzuri, lakini nikifika wa mwisho sauti inakwaruza na kila "s" inachachatika kama mafuta motoni. Besi nayo ni hafifu. Nina shilingi 40,000. Duka moja mjini liliniambia spika hizi ni za kutupa. Kaka yangu aliye Marekani anasema atakuja na gramafoni nyingine iliyotumika. Nianze wapi?

Jibu: Dada yangu, usitupe kitu. Uliposema wimbo wa kwanza ni mzuri na wa mwisho unakwaruza, nusu ya swali ulishalijibu mwenyewe. Spika haina njia ya kujua kama sindano iko ukingoni mwa santuri au imekaribia lebo, na amplifaya pia haijui. Sindano ndiyo inayojua.

Santuri kubwa huzunguka mara 33⅓ kwa dakika, mwanzo hadi mwisho. Ukingoni mzunguko ni mrefu, hivyo karibu sentimita 50 za mfereji, ule mstari uliochongwa ambamo sindano hupita, hupita chini ya sindano kila sekunde. Karibu na lebo hupita sentimita 21 hivi. Muziki uliokuwa na nafasi ya kujinyoosha sasa umebanwa kwenye nafasi isiyofika nusu, na kona za mfereji zimekuwa kali. Sindano yenye ncha ya mviringo, au iliyochakaa, haiingii vizuri kwenye kona hizo. Inaruka na kugonga kuta. Herufi "s" huumia kwanza kwa sababu imejaa sauti za juu, na hizo ndizo zenye kona ndogo kabisa.

Kabla hujatoa hata shilingi, fanya jaribio moja. Chomeka simu kwa waya kwenye tundu la AUX la amplifaya (kwa waya, si blutuuthi) na ucheze wimbo unaoujua vizuri, wenye mwimbaji na besi. Sauti ikitoka safi, amplifaya na spika hazina hatia. Ikikwaruza hata hapo, basi lile duka huenda lilisema kweli na jibu langu linabadilika.

Nakuomba uanze na sindano kwa sababu nyingine pia, na kwangu hiyo ndiyo kubwa. Spika mbovu itakukera masikio tu. Sindano iliyochakaa inachonga kuta za mfereji kila inapopita, na santuri iliyochongwa hairudi ilivyokuwa, hata ukinunua mtambo wa milioni. Ncha ya almasi huhesabiwa kudumu kati ya saa 300 na 1000, kulingana na umbo lake na usafi wa santuri. Mtu anayesikiliza albamu moja ya dakika 40 kila jioni hutumia saa 240 hivi kwa mwaka. Sindano ya mzee nani aliihesabia? Ichukulie imekwisha.

Sasa ununuzi. Tazama kama katriji, yaani kile kijisanduku kinachobeba sindano, imefungwa kwa skrubu mbili. Nafasi ya kawaida kati yake ni milimita 12.7. Ikiwa ndivyo, karibu kila katriji ya kisasa itakubali, mradi mkono wa gramafoni uweze kurekebishwa uzani. Jamii ya Audio-Technica VM95 naipenda kwa sababu mwili ni ule ule huku sindano zikichomoka: waanza na VM95E yenye ncha ya duaradufu, na siku mfuko ukiruhusu wavalisha iliyochongwa kwa umbo jembamba zaidi bila kufungua skrubu. Ortofon 2M Red nayo hupokea sindano ya 2M Blue. Zote hazitamaliza pesa zako. Nunua na kimizani cha kidijitali, kwa maana VM95E inataka kugandamiza santuri kwa gramu 2 na Red gramu 1.8, na kukadiria kwa jicho ndiko kunakoua santuri. Wazee wetu waliweka sarafu juu ya kichwa cha mkono wa gramafoni ili sindano isiruke. Ilitulia kweli, huku ikilima. Chapisha pia karatasi ya kupangia pembe ya katriji; katriji iliyokaa upande hukwaruza mwishoni mwa santuri hata ikiwa mpya.

Kuhusu besi, angalia vitu viwili vya bure. Kwanza, je, waya za gramafoni zimeingia "Phono" kweli? Wakati wa kuchonga santuri, besi hupunguzwa na sauti za juu huongezwa, ili mifereji isiwe mipana mno na mchakacho ufunikwe. Kipimo kinachofuatwa, RIAA, kilikubaliwa mwaka 1954, na tofauti yake hufika karibu desibeli 20 kila upande. Tundu la Phono ndilo linalorudisha vitu mahali pake, na pia kukuza sauti ya katriji ya sumaku ambayo ni milivolti 4 au 5 tu. Ukichomeka kwenye AUX utapata sauti ndogo, kavu, isiyo na tumbo. Pili, fuata waya za spika: nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi, pande zote mbili. Upande mmoja ukigeuzwa, spika moja inasukuma huku nyingine ikivuta, na besi inafutana hewani. Mimi niliwahi kupanda matatu na spika mbili nzito magotini, nikilipa nafasi ya abiria wawili, na nilipofika nyumbani nikakuta shida ilikuwa waya uliogeuzwa kwenye zile za zamani.

Kaka yako mwambie asubiri. Gramafoni nyingi za zamani za Marekani zilitengenezewa volti 120 na hezi 60 (hezi ni mara ngapi umeme hugeuka na kurudi kwa sekunde). Umeme wetu ni volti 240 na hezi 50. Transfoma itashusha volti lakini hezi haizigusi, na mota inayofuata hezi itazungusha santuri mara 27.8 badala ya 33⅓. Franco ataimba kama aliyeamshwa usiku. Asome kibandiko cha chini. Ikiwa inatumia adapta ya kisasa iliyoandikwa volti 100–240, au mota yake inaongozwa na saketi yake yenyewe, hiyo hezi haitaisumbua, mwache ailete.

Kuna ubishi wa zamani kuhusu mpangilio huu. Miaka ya 1970 kampuni ya Linn ya Scotland ilishikilia kwamba chanzo ndicho cha kwanza: kilichopotea kwenye sindano hakiokolewi mbele. Mimi nakubali nusu. Chanzo kikishakuwa kizima, spika na chumba ndivyo hubadilisha sauti kuliko kitu kingine chochote. Kwa hiyo pesa zitakazobaki ziwekee spika, ila usizinunue mwezi huu. Kwanza toa hizo ulizonazo kabatini, ziweke mahali pake mbali na gramafoni, masikio yakiwa usawa wa koni ndogo ya sauti za juu iliyo ndani ya kila spika, na utandike zulia kama sakafu ni ya vigae. Waya za bei ya dhahabu ziache dukani.

Na vumbi letu la Nairobi unalijua. Brashi laini kabla ya kila upande. Zilizochafuka zioshe kwa maji ya betri (maji, si asidi) na tone la sabuni ya vyombo, kisha suuza. Zikiwemo santuri nzito za mizunguko 78 kwa dakika, zile zinazovunjika kama sahani, usizipake spiriti, kwa kuwa huyeyusha shelaki iliyozitengeneza. Usizicheze kwa sindano mpya pia, maana mifereji yake ni mipana na ina sindano yake.

Ukimaliza kufunga, usianze na wimbo wa kwanza. Shusha sindano kwenye ule wa mwisho. Ukisikia bado unakwaruza, jaribu santuri nyingine tatu nne kabla ya kuilaumu katriji. Huenda hiyo uliyoanza nayo ndiyo mzee aliipenda kuliko zote.