Mtoto wa meza aliyekwama

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwalimu hapa Jinja na hutengeneza samani kwa kujifurahisha. Meza niliyoiunda Januari kwa mbao za musizi ilikuwa haina tatizo, lakini tangu mvua za Aprili zianze, mtoto wake amekwama kabisa. Je, nimpige randa?

JIBU: Ndugu msomaji, nakusihi usikimbilie randa. Mbao hunyonya unyevu wa hewa na kutanuka kwa upana, kukatiza nyuzi zake, huku urefu ukibaki karibu vilevile. Kwa hiyo ukiuchonga ubao sasa, kiangazi cha Juni kikifika utasinyaa na mtoto atacheza ovyo. Sugua mshumaa mkavu kwenye kingo zake na kwenye njia anayopitia, kisha subiri. (Mvule hutulia zaidi kuliko musizi, ila bei yake ni kubwa.) Iwapo kiangazi bado anakwaruza, hapo mpunguze, ukiacha nafasi ya milimita 2 juu yake. Siku hiyo inoe randa vizuri, utoe maranda membamba yanayopitisha mwanga kama ganda la kitunguu, na ubao ubaki ukimeremeta kabla haujaguswa na msasa. Furaha hiyo mimi sijawahi kuizoea.