Ukipangiwa Graham County: ushauri kwa wanaoanza kazi ya kuhifadhi maeneo ya kihistoria

Anayeanza kazi hii katika kaunti ya mashambani kule Kansas hufika akitafuta majengo. Nakuomba uanze na ardhi na watu wake. Majengo yaliyobaki ni machache, na peke yake hayasimulii hata nusu ya habari. Nitaeleza kwa mfano wa Graham County, kaskazini-magharibi mwa jimbo hilo, kaunti ya watu takribani 2,400 kwa sensa ya 2020, kwa sababu huko ndiko uliko mji mdogo wa Nicodemus. Sijaona mahali panapofundisha kazi hii vizuri zaidi.

Nicodemus ulianzishwa mwaka 1877 na Wamarekani Weusi, wengi wao kutoka Kentucky, miaka 12 tu baada ya utumwa kukomeshwa Marekani. Sheria ya 1862 ilimruhusu mlowezi kumiliki eka 160 akizikalia na kuzilima kwa miaka mitano, na vipeperushi vikawaita waje. Willianna Hickman, aliyefika mwaka 1878, alisimulia baadaye kwamba aliuliza mji uko wapi, akaonyeshwa moshi unaofuka kutoka ardhini. Watu walikuwa wanaishi kwenye mashimo waliyochimba, yakaezekwa kwa miti, nyasi na udongo. Mama wa watu alilia. Katika baridi ya kwanza chakula kilipopungua, Waosage, wenyeji wa asili wa Amerika, waliokuwa wakirudi kutoka kuwinda waliwagawia nyama.

Kwa hiyo makazi ya kwanza ya mji huu yalikuwa chini ya ardhi, na ukipita na gari huoni kitu. Shuka utembee asubuhi na mapema au jioni, jua likiwa limelala. Kivuli kitakuonyesha kibonde kidogo, pengine hakifiki hata magoti, na ndani yake nyasi zimestawi kuliko za pembeni kwa kuwa maji hutuama pale. Ukikuta vipande vya chupa, kigae au msumari, usiokote. Kitu kikishatolewa mahali pake kimepoteza ushahidi mwingi. Piga picha, andika mahali, mpe taarifa mwanaakiolojia. Na kabla ya yote hayo uwe umeomba ruhusa, maana karibu ardhi yote ni ya watu binafsi. Geti ulilolikuta limefungwa lifunge, ulilolikuta wazi liache wazi. Ng'ombe wa mtu wakitoka, hutapokewa tena katika kaunti nzima.

Jifunze kusoma ramani za upimaji mapema. Ardhi ya Kansas imekatwa miraba ya maili sita kwa sita, kila mraba una vipande 36, kila kipande maili moja ya mraba, yaani eka 640, na robo ya kipande ndiyo zile eka 160 za mlowezi. Ukishaijua namba ya robo, nenda mahakama ya kaunti mjini Hill City, kwa msajili wa hati, uifuate kutoka mmiliki wa kwanza hadi wa leo. Utaona nani aliweka shamba rehani na nani aliuza. Oanisha tarehe hizo na mwaka 1888, reli ya Union Pacific ilipopita kusini ya mto Solomon na kuuacha Nicodemus kando. Wafanyabiashara walihamia upande wa reli, palipokuja kuwa Bogue. Kisha nenda makaburini. Majina ya kwenye hati utayakuta kwenye mawe, na wajukuu wao wengi wapo hai.

Mwenye shamba atakuuliza swali moja: serikali itanizuia kufanya nini? Mjibu ukweli. Chini ya sheria ya taifa ya 1966, jengo kuingia kwenye Rejesta ya Taifa ya Maeneo ya Kihistoria hakumzuii mwenyewe kulibadili, hata kulibomoa, kwa fedha zake. Kinachobanwa ni mradi wenye fedha au kibali cha serikali kuu, kama barabara kuu: wahusika lazima wapime kwanza athari zake. Sheria za jimbo zisome kando. Ukimtisha au ukimuahidi ulinzi usiokuwepo, utakuwa umemdanganya, na paa litaendelea kuvuja vilevile. Nicodemus wenyewe ulitambuliwa kitaifa mwaka 1976, na mwaka 1996 ukawa chini ya Idara ya Hifadhi za Taifa. Hata hivyo, majengo yake matano ya kihistoria si yote ya serikali kuu. Kanisa la AME (African Methodist Episcopal, dhehebu la Wamethodisti Weusi) la 1885 ni la Idara, lakini ukumbi wa 1939, uliojengwa kwa mpango wa ajira wa serikali, ni wa mamlaka ya kitongoji. Uliza kila mara: nani mwenye jengo, na nani ana ufunguo?

Majengo ya mawe ya chokaa yachunguze kwa mkono. Pitisha kidole kwenye maungio. Ukikuta mota, yaani mchanganyiko wa kuunganishia mawe, ikiwa ngumu ya kijivu na kando yake jiwe linamenyeka na kuacha unga, hapo fundi alitumia saruji. Saruji haipitishi unyevu, basi unyevu unatokea kwenye jiwe, unaganda wakati wa baridi na kulipasua. Dawa yake ni mota ya chokaa na fundi mwashi mvumilivu. Waliokulia Mji Mkongwe au Lamu wanaijua hasara ya saruji kwenye ukuta wa chokaa, na ujuzi huo una thamani kubwa kule. Usiuonee haya kuutaja kikaoni.

Kilichonigusa zaidi ni watu. Wakazi wa kudumu Nicodemus ni wachache mno, lakini kila mwisho wa Julai wazao wa waanzilishi hurudi kutoka majimbo mbalimbali kwa sherehe iliyoanza mwaka 1878. Chimbuko lake ni Agosti mosi, siku ya uhuru wa watumwa wa makoloni ya Uingereza huko Karibi mwaka 1834. Nenda, na siku ya kwanza usitoe daftari. Wazee waite kwa Bwana au Bibi na jina la ukoo mpaka wenyewe wakuruhusu vingine. Kwa vizazi vingi Weusi walinyimwa heshima hiyo makusudi. Beba nakala za picha za zamani, si picha halisi, uombe majina ya waliomo na ruhusa ya kuyaandika. Malazi yatafute mapema Hill City. Hoteli ya St. Francis ya Nicodemus, ya mwaka 1881, imebaki jengo la kihistoria tu, hailazi wageni.