Faili zilizobanwa: maswali yenu

Kumbukumbu za seva yetu ziko kwenye mamia ya faili za .gz. Kila nikitafuta kosa nazifungua zote, na diski inajaa. Kuna njia nyingine?

Ipo, na inanisikitisha kuona ni wachache wanaoifahamu. Usizifungue. Andika `zgrep "timeout" *.gz` utafute ndani yake zikiwa zimebanwa vilevile. Faili za kawaida pia inazisoma, kwa hiyo huna haja ya kutenga za leo na za wiki jana. Kusoma ukurasa kwa ukurasa kuna `zless`. Kama unataka kuhesabu au kupanga, `zcat` humimina yaliyomo moja kwa moja kwenye amri inayofuata:

`zcat access.log.*.gz | cut -d' ' -f1 | sort | uniq -c | sort -rn | head`

Kwa logi (kumbukumbu) za kawaida za Apache au Nginx, programu za seva za wavuti, hapo unapata anwani zilizogonga seva mara nyingi zaidi, bila faili zilizofunguliwa kubaki kwenye diski. Mahali `zcat` inapogoma, kama kwenye Mac, `gzip -dc` hufanya kazi ileile.

Nilibana faili kwa gzip na ile ya asili ikatoweka. Imeharibika?

Hapana. Hiyo ndiyo desturi ya gzip: ikimaliza kubana hufuta ya asili. `gunzip` itakurudishia. Siku nyingine ongeza `-k` ili zote mbili zibaki, kisha `gzip -t` ikague iliyobanwa kabla hujafuta chochote kwa mkono wako. Kwa nakala za akiba, ukaguzi huo usiuruke kamwe.

Kwa nini .tar.gz, isiwe .zip tu?

gzip hubana faili moja moja, haijui folda. Kukusanya ni kazi ya tar, ambayo pia hutunza ruhusa za faili na mwenye faili. Zip hubana kila faili peke yake, ndiyo maana kuchomoa moja ni haraka, kwenye .tar.gz lazima isomwe kuanzia mwanzo. Mimi hutumia zip ninapomtumia mtu wa Windows, tar kwa mengine yote. Na kabla ya `tar -xf`, anza na `tar -tf` uone kilichomo: wapo wanaofunga mafaili bila folda ya juu, ukifungua yanasambaa kila mahali.

gzip, xz au zstd?

gzip ipo tangu 1992 na utaikuta karibu kila seva ya Linux. xz hubana zaidi lakini taratibu. Inafaa kwa kitu kinachobanwa mara moja na kupakuliwa na wengi. Kwa nakala za kila usiku chagua zstd, kazi ya Yann Collet: kasi yake ni kubwa na faili hutoka ndogo kuliko za gzip. Wa xz, angalieni `xz --version`. Matoleo 5.6.0 na 5.6.1 ya mwaka 2024 yalipandikizwa mlango wa siri, akaugundua mhandisi wa programu Andres Freund. Ukiyakuta, badilisha leo.

Nimebana folda ya picha, ukubwa haukupungua.

JPEG imeshabanwa tayari, hata video za simu. Zikusanye kwa `tar -cf picha.tar picha/` bila kubana, utaokoa muda.