Mkuu, usifungue hiyo chupa ya faji kabla hujatumbukiza shina kwenye glasi ya maji

Mkuu, hiyo chupa iweke chini kwanza. Nimesoma ulivyoandika: nyanya zako za Mbweni zinanyauka, kuna jamaa amekuuzia lita moja ya faji, yaani virusi vinavyoua bakteria, na sasa unauliza uweke kiasi gani kwenye bomba la kupulizia la lita 16, upulize saa ngapi, na kama inafaa kuchanganya na kopa, ile dawa ya shaba, ili umalize kazi mara moja. Nimerudia mara mbili. Hujasema popote umejuaje kwamba kinachoua nyanya zako ni bakteria. Hapo hapo ndipo mimi nilipoliwa, na nikiona mtu anakwenda kuliwa vile vile siwezi kupita kimya.

Mimi nilikuwa na nusu eka Kibada, Kigamboni. Miche elfu tatu na zaidi, imeshika maua, mingine tayari ina vitunda kama gololi. Asubuhi moja nikakuta miche kumi na moja kwenye tuta la tatu imelegea. Nikapiga picha nikarusha kwenye grupu la WhatsApp la wakulima. Hazikupita dakika kumi, jamaa mmoja akaja inbox: "Hiyo bakteria hiyo kaka, usihangaike na sumu za zamani, nina kitu kipya." Akanieleza habari za bakteriofaji, kwamba ni virusi vinavyokula bakteria wote shambani, havigusi nyanya, havigusi binadamu, havigusi nyuki. Sehemu kubwa ya maneno yake ilikuwa kweli, ndiyo maana niliamini na lile neno moja la uongo, "wote". Nikatoa laki nne na nusu. Chupa ikaja na pantoni, kwenye mfuko wa rambo, saa saba mchana.

Nikapuliza. Baada ya siku tano miche iliyolegea ilikuwa arobaini na kitu. Nikampigia, akasema virusi bado vinazaliana, nivute subira. Nikarudia dozi. Wiki ya pili tuta zima la tatu likaenda, na la nne likaanza. Nikampigia tena, akasema labda nimepuliza kidogo, niongeze. Wiki ya tatu hakupokea simu.

Sasa sikiliza mkuu. Ile laki nne na nusu nimeshaisamehe. Kilichonimaliza ni wiki tatu. Kwa wiki tatu nzima nilikuwa nasubiri dawa ifanye kazi, huku miche iliyougua imesimama shambani, maji ya mfereji yanapita kwenye mizizi yake kwenda tuta linalofuata, na kijana wangu anapalilia kwa jembe lile lile kutoka mche mgonjwa kwenda mzima. Siku ile ya kwanza ilikuwa miche kumi na moja. Ningeing'oa asubuhi ile ile, nikaichoma, nikafunga maji ya tuta lile, ningekuwa na habari nyingine ya kukusimulia. Nilikuwa nimepiga hesabu ya matenga mia na ishirini. Nilipeleka soko la Ilala matenga kumi na tisa.

Aliyenifumbua macho ni mzee mmoja, bwana shamba mstaafu, jirani wa shemeji yangu. Alikuja Jumapili, akazunguka shamba bila kusema kitu. Kisha akaomba glasi, ya kioo, akasisitiza isiwe kikombe. Akachagua mche ulionyauka jana yake, akaacha ule uliokwisha kukauka, maana uliokufa huwa umeshavamiwa na bakteria wa kuozesha na unaweza kukudanganya. Akaukata juu kidogo ya udongo kwa kisu alichokiosha, akatoa kipande cha shina cha urefu wa kidole. Akakifunga uzi, akakining'iniza kwenye glasi yenye maji masafi, ncha ya chini ikiwa imezama kidogo tu. Akaniambia nisiiguse glasi wala nisitikise meza. Tukakaa. Dakika tano, kumi, robo saa. Maji yakabaki vile vile, maangavu.

"Mwanangu," akasema, "hapa hakuna bakteria. Umekuwa unampa fangasi dawa ya mgonjwa mwingine."

Akapasua lile shina kwa urefu. Chini ya ganda kulikuwa na mistari ya kahawia inapanda kama kutu kwenye nondo. Akauliza manjano ilianza wapi. Nikakumbuka: majani ya chini, tena upande mmoja tu wa mche. Nilikuwa nimeyaona kwa macho yangu haya wiki nzima kabla ya kunyauka, nikadhani ni upungufu wa mbolea. Ule ulikuwa mnyauko wa fusari, na fusari ni fangasi. Faji hana habari naye kabisa.

Wiki ile ile mzee akanipeleka kwa mama mmoja mwenye bustani bondeni, ambaye nyanya zake zilikuwa zinaanguka ghafla zikiwa bado za kijani, kama zimemwagiwa maji ya moto. Tukafanya vile vile. Kabla hata sijakaa vizuri kwenye ndoo, uzi mweupe ukaanza kushuka kutoka kwenye shina, mwembamba, unajikunja polepole hadi chini ya glasi, kama tui la kwanza likidondokea kwenye maji. Ule ndio mnyauko bakteria, Ralstonia solanacearum, wanatoka kwa mamilioni kwenye mishipa ya maji ya mmea. Ukishauona mara moja husahau.

Kipimo hicho hakina gharama. Huyo muuzaji wangu angeweza kuniambia nikifanye kabla sijatuma hela. Ama hakukijua, na kama hakukijua alikuwa anauza nini? Ama alikijua, akaona glasi ya maji itamharibia biashara. Hasira yangu haijaisha mpaka leo, kwa sababu watu wa namna hii wanaiharibia jina hata dawa yenyewe. Kesho mtaalamu akija na faji wa kweli, wakulima tutamfukuza.

Maana faji si utapeli. Aliwapa jina hilo mwanasayansi Félix d'Hérelle mwaka 1917 kule Ufaransa, na mwaka 1924 tayari Marekani kulikuwa na watafiti waliochuja maji ya kabichi iliyooza na kuona yanamzuia bakteria anayeozesha kabichi hiyo. Shida ni kwamba faji anachagua. Anatua juu ya bakteria, mkia wake unatafuta alama fulani kwenye ngozi ya yule bakteria. Akiikuta anaingiza vinasaba vyake, anazaliana humo ndani, kisha anampasua na watoto wanatoka kusaka wengine wa aina hiyo hiyo. Asipoikuta anapita zake. Wapo wanaokula baadhi tu ya koo za bakteria wa aina moja na kuziacha nyingine. Kwa hiyo mtu akikuambia "anakula bakteria wote", fahamu huyo hajui anachouza.

Na hapa ndipo chupa yako ilipozidi kunitia wasiwasi. Umeandika kwamba kwenye lebo kuna maneno Xanthomonas na Pseudomonas. Mkuu, hao ni bakteria wa madoa ya majani na matunda. Faji wa kwanza kusajiliwa Marekani kwa ajili ya mazao, mwaka 2005, walikuwa wa magonjwa hayo hayo ya madoa kwenye nyanya na pilipili. Wewe unalalamika mnyauko. Hata glasi yako ikitoa tui jeupe kabisa, bakteria wako ni Ralstonia, anakaa kwenye udongo na ndani ya shina, na hao uliowanunua hawamjui. Faji wa Ralstonia wapo. Utafiti wa China uliochapishwa 2019 ulionyesha kwamba mchanganyiko wa faji kadhaa ulipunguza mnyauko wa nyanya kwa hadi asilimia 80. Lakini walikuwa wamechaguliwa kwa ajili ya bakteria huyo, na walikuwa kadhaa ili akimkwepa mmoja akutane na mwingine. Hicho sicho ulichonacho mkononi.

Jambo jingine, angalia kama hiyo chupa ina namba ya usajili ya TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu. Kiuatilifu chochote kinachouzwa hapa nchini kinatakiwa kiwe kimesajiliwa. Yangu haikuwa nayo, na sikuwaza hata kuitafuta.

Kuhusu saa na kopa: kama siku moja utakuwa na faji sahihi kwa madoa ya majani, ni jioni, jua likishazama, maana mionzi ya jua inawaua haraka mno. Watafiti wa Florida walikuwa wanawachanganya na unga wa maziwa yasiyo na mafuta ili wadumu zaidi kwenye jani. Kopa usithubutu kuweka kwenye bomba moja nao, inawaua. Maji ya bomba yenye klorini nayo hayafai, tumia ya kisima au ya mvua. Mimi nilifanya yote kinyume, mchana kweupe na maji ya bomba, lakini hata ningefanya sawasawa, fangasi angebaki anacheka.

Sasa hivi usipulize kitu. Nenda shambani, chukua mche ulioanza kunyauka leo au jana, fanya ile ya glasi na uzi. Fanya kwa mche zaidi ya mmoja, kutoka sehemu tofauti. Maji yakibaki maangavu, pasua shina utafute kahawia, halafu ng'oa mizizi uangalie kama ina mafundo, maana minyoo fundo nayo inanyausha na kwenye mchanga wetu huu wa pwani ipo kwa wingi. Ukibaki na shaka, wataalamu wa magonjwa ya mimea wapo SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, nauli yake ni ndogo kuliko hiyo chupa. Na wakati unasubiri jibu, ile iliyonyauka ing'oe na udongo wake, iweke kwenye kiroba, usiiburute juu ya matuta. Kisha funga maji ya tuta hilo na uoshe jembe.

Halafu weka hapa picha ya glasi, kwa mwanga wa dirishani na kitambaa cheusi nyuma yake ili uzi uonekane, pamoja na picha ya majani ya chini. Nipo macho mpaka saa tano usiku.